Nimeibiwa, Limepotea, Halionekani

Binti aliingia saa tano asubuhi, jua la Dodoma limeshaanza kuuma, akaomba achapiwe barua. Pale Makole rafiki yangu ana steshenari yenye meza mbili na mashine ya fotokopi inayokohoa kuliko mimi. Tangu nilipoacha kufundisha Kiingereza sekondari, huwa najibanza kwenye meza ya pili nikisahihisha barua za watu kwa bei ya soda. Barua ya binti ilikuwa inakwenda kwa mhadhiri wake, kumwomba aongezewe siku za kukabidhi kazi. Ilianza hivi: "I was stolen my laptop on Friday."

"Mwanangu, nani alikuiba?"

Akacheka. "Siyo mimi, mwalimu. Laptopu."

"Hapa umeandika ni wewe uliyeibwa. Mwizi kakubeba wewe, na laptopu yako kwapani."

Akaitazama tena karatasi, safari hii bila kucheka. "Lakini mwalimu, si ndivyo tunavyosema? Nimeibiwa laptopu. Aliyeibiwa ni mimi."

Nilinyamaza kidogo, maana alikuwa na hoja, na hoja yenyewe katika miaka yangu yote ya kushika chaki sikuwahi kuijibu vizuri. Nilikuwa nachora mstari mwekundu, naandika jibu sahihi juu yake, nahamia daftari linalofuata. Wanafunzi wangu waliendelea kuibwa wao na simu zao hadi kidato cha nne.

Kiswahili kina herufi moja ndogo inayofanya kazi kubwa: w. Jenga inakuwa jengwa, soma inakuwa somwa, la inakuwa liwa, nunua inakuwa nunuliwa, na hata jibu, lililotujia kutoka Kiarabu, linaingizwa kwenye mstari na kuwa jibiwa. Mtoto wa miaka minne anayecheza vumbini Chang'ombe hakosei hata moja: "Mama, samaki wangu ameliwa na paka!" Hajafundishwa na mtu. Kisha anasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na mwalimu anasimama ubaoni kumtangazia kwamba leo kuna mada mpya na ngumu iitwayo "passive voice". Mpya kwa nani? Huyu mtoto anatumia kauli ya kutendwa tangu meno ya utotoni.

Shida ya binti wa Makole ni kwamba Kiswahili chake ni kingi kuliko Kiingereza kinavyoweza kubeba. Sisi tuna w ya kitu kilichotendwa na w ya mtu aliyetendewa. Laptopu imeibwa, mwenye laptopu ameibiwa. Ile i ndogo iliyojipenyeza kabla ya w inageuza kamera: tulikuwa tunatazama kitu, sasa tunamtazama mtu aliyeachwa mikono mitupu. Kiingereza hakina i hiyo. Kimegawa kazi kwa vitenzi viwili tofauti. "Steal" hushika kitu kilichochukuliwa, "rob" humshika mtu aliyechukuliwa kitu. Kwa hiyo ama useme "My laptop was stolen", ama useme "I was robbed", ingawa hii ya pili ina harufu ya kukabwa, na binti wangu hakukabwa na mtu. Alikwenda kuoga tu, akarudi chumbani akakuta meza tupu. Kuna na njia ya tatu, "I had my laptop stolen", inayokaribia sana nimeibiwa yetu, lakini wanafunzi wetu huiona mara chache mno hata wakikutana nayo wanadhani mtu alimtuma mwizi.

Ukishaiona i hiyo, utaikuta kila mahali makosa yanapozaliwa. Mvulana aliyeomba ruhusa ya kwenda msibani aliwahi kuniandikia: "I was died by my father." Nilisoma nikatamani kucheka, kisha nikakumbuka anazungumzia nini, nikaona aibu. Yeye alichofanya ni kutafsiri nimefiwa na baba, sentensi safi kabisa, yenye heshima, inayomweka mfiwa mahali pake. Kiingereza hakina kufiwa. Kitenzi chao cha kufa kinaishia kwa aliyekufa, hakiwezi kumfikia aliyebaki. Wanasema "My father has died", au "I have lost my father", ambayo kwa sikio letu inasikika kama mzee amepotelea njia ya Kondoa. Mvua nayo hivyohivyo. Sisi tukinyeshewa tumenyeshewa, neno moja na nguo zimeloa. Wao wanasema "I was rained on", na kile kijineno "on" kilichoachwa kikining'inia mwishoni ndicho kinachofanya kazi ya i yetu.

Na kuna kuolewa. Hapa naomba radhi kwa akina mama, sarufi hii sikuitunga mimi: kwa Kiswahili cha kawaida mume anaoa, mke anaolewa, na wakitaka usawa wanaoana. Kitenzi cha Kiingereza "marry" hakijali. Kila upande unaweza kuoa. Sasa mwanafunzi anachukua Asha ameolewa na Juma, anafuata kanuni ya darasani kwamba na ya mtendaji hutafsiriwa "by", anatoa "Asha was married by Juma". Mwingereza akisoma hapo anaelewa kwamba Juma ni shehe au padri, ndiye aliyefungisha ndoa, na bwana harusi hajatajwa. Ukitaka Juma awe mume, sema "Asha is married to Juma". Kineno kimoja kimebadilika, na Juma amevuliwa kanzu ya kazi na kuvishwa ya harusi.

Kuhusu hiyo na, tuikosoe na lugha yetu kidogo. Na ya Kiswahili inaunganisha na pia inataja mtendaji, kwa hiyo ukisikia "Hamisi alipigwa na rafiki yake," unaweza kujiuliza kama rafiki ndiye aliyepiga au naye alipata kipigo chake pembeni. Kiingereza kimetenganisha: "by" kwa mtendaji, "and" kwa muungano. Kifaa nacho sisi tunakipa kwa, kama katika alikatwa kwa kisu, na wao wanakipa "with". Mwanafunzi akikumbuka kwamba na ya mtendaji ni "by" na kwa ya kifaa ni "with", amemaliza nusu ya mada bila kukariri jedwali lolote.

Lakini shuleni hatufundishi hivyo. Tunafundisha kugeuza. Mtihani unaleta sentensi, "John kicked the ball", na amri ya kuibadili. Mwanafunzi anahamisha mpira mbele, anatafuta umbo la tatu la kitenzi kwenye kile kiitikio cha "break, broke, broken" tulichoimba wote, anapachika "was", anamtupa John mwisho nyuma ya "by", anapata alama yake. Nimesahihisha maelfu ya hizo. Sikumbuki hata siku moja niliyomuuliza mwanafunzi kwa nini mtu mwenye akili timamu aamue kusema hivyo.

Matokeo yake ni sentensi ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzitamka. "The ugali was eaten by me." Jaribu kwa Kiswahili: ugali umeliwa na mimi. Nani husema hivyo, labda mtuhumiwa anayekiri mbele ya mkewe? Ipeleke kanuni hiyo maabara uone. Ripoti ya jaribio la kemia inapendelea kauli ya kutendwa kwa sababu nzuri kabisa: mchanganyiko ukipashwa moto rangi itabadilika, awe amewasha moto Neema au Baraka. Ndiyo maana wanaandika "The solution was heated" na kuishia hapo. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba sentensi ya kutendwa lazima iwe na mkia anaandika "The solution was heated by me", ukurasa mzima, "by me, by me", kama mtu anayedai malipo ya kila kijiko alichokoroga.

Ukaririshaji huo unazaa na kosa jingine lisilo na asili yoyote katika Kiswahili. "The accident was happened." Kwa lugha yetu ajali ilitokea, hakuna w wala kutendwa. Kitenzi cha Kiingereza "happen" hakina wa kutendwa, maana hakuna anayeitokea ajali. Ila mtoto amegeuzishwa sentensi nyingi mno hadi anahisi Kiingereza kikubwa, Kiingereza cha ofisini, lazima kiwe na "was" mahali fulani. Nalisikia kosa hili hata kwa watu wenye shahada na tai shingoni. "The meeting was started late" hairuhusiwi kuwatisha, hiyo inakubalika. Lakini mkutano hauwezi kuwa "was happened", na wala mtu hawezi kuwa "was disappeared" isipokuwa mnazungumzia nchi ambazo dola huwapoteza watu.

Kwa nini basi kauli hii ipo? Tuache mpira wa John, tuchukue mji wetu. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973. Mwaka huohuo ikaundiwa mamlaka ya kuistawisha, CDA. Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. CDA ikavunjwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata mji ukatangazwa kuwa jiji. Hebu soma tena vitenzi hivyo: ilichaguliwa, ikaundiwa, kikaanzishwa, ikavunjwa, ukatangazwa. Vyote ni vya kutendwa, na sidhani kama kuna msomaji aliyesinzia. Ni hadithi ya Dodoma, na Dodoma imekaa mbele. Sasa nigeuzieni zote ziwe za kutenda: TANU iliichagua Dodoma, serikali ikaunda CDA, Rais Magufuli akaivunja. Habari ni zilezile na kila neno ni kweli, lakini sasa tunasoma wasifu wa wakubwa, na mji umekaa pembeni kama bibi harusi anayesubiri kuitwa ukumbini. Anayeandika historia ya chama ataanza na TANU iliamua. Anayeandika historia ya mji ataanza na Dodoma ilichaguliwa. Kwa Kiingereza ni uleule uamuzi: "TANU chose Dodoma" au "Dodoma was chosen".

Mtendaji naye ana siku yake ya kuwekwa mwisho. Jiji lilitangazwa na Rais Magufuli, siku ya Muungano, 26 Aprili 2018. Mwisho wa sentensi ni kiti cha habari mpya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa hiyo "by" inastahili kuwepo pale tu anayeketi hapo ana uzito. Kama ni "by people", "by someone", "by them", mwondoe. Tukipita soko la Majengo tukaona kibao cha HAPA PANAUZWA MKAA, hatujawahi kusimama kuuliza unauzwa na nani.

Vibao, kwa kweli, ni darasa zuri kuliko vitabu vyetu. Mji huu umekua kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa dhati, viwanja vimekuwa dhahabu, na matapeli wamekuwa wengi kiasi kwamba mwenye nyumba analazimika kuutetea ukuta wake kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Nkuhungu niliona mmoja aliyeamua kuwaonya na wageni. Chini ya Kiswahili chake ameongeza THIS HOUSE IS NOT SOLD. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya nikamsikitikia. Haiuzwi yetu inabeba mengi: haiko sokoni, haitauzwa, usijisumbue. Ile sentensi ya Kiingereza mgeni ataisoma kwamba nyumba haijapata mnunuzi, yaani bado ipo, karibu. Mwenye nyumba aliyetaka kufukuza wanunuzi amewaita kwa herufi kubwa. Kiingereza hapo kinaachana kabisa na kauli ya kutendwa na kusema "not for sale".

Kosa la mwenye nyumba wa Nkuhungu linatupeleka kwenye sehemu ambayo Kiingereza ni kigumu kweli, na hapa sitamlaumu mwanafunzi. Kwetu wakati hukaa kichwani mwa kitenzi, kutendwa hukaa mkiani, na hawagombani: inajengwa, ilijengwa, itajengwa, imejengwa, haijajengwa. Mkia haujasogea. Kwa Kiingereza kitenzi kikuu kinaganda kwenye umbo la tatu, "built", na mzigo wote wa wakati unabebwa na "be", kitenzi korofi kuliko vyote katika lugha ile. Inajengwa ni "is being built". Imejengwa ni "has been built". Ilikuwa inajengwa ni "was being built". Treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, kipande hicho kilikuwa "had been built" na kile cha kuelekea Tabora kilikuwa "was still being built". Tofauti ya reli unayoweza kuipanda na reli unayoweza kuitazama tu iko katika "been" na "being", na masikio yetu hayazitenganishi kirahisi.

Mwalimu mkuu mmoja aliniletea ripoti ya wafadhili yenye sentensi "Two classrooms are built". Alimaanisha yanajengwa, kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta. Ofisini kwa wafadhili ingesomwa kwamba yamekwisha, kazi nzuri, fedha iliyobaki ya nini? Tuliongeza "being" moja. Sina uhakika kama kuna neno la Kiingereza lililowahi kuwa na thamani ya mabati mengi kiasi kile.

Yatufariji kwamba wenye lugha wenyewe "is being built" iliwapa taabu. Karne kadhaa nyuma walisema "the house is building", nyumba inajenga, na kila mtu akaelewa kwamba haikushika mwiko yenyewe. Umbo hili la sasa lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18. Mshairi Robert Southey analo katika barua ya mwaka 1795, akizungumzia mtu anayeng'olewa jino na kinyozi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wapo waliolipinga kwamba ni baya, halifai kuandikwa na mtu aliyesoma. Leo halina mbadala. Kwa hiyo mwanafunzi wangu akinung'unika kwamba "being" haina maana yoyote, namwambia amechelewa tu, hoja yake ilikuwa na watetezi wengi miaka 150 iliyopita.

Siku hizi shauri limegeuka. Vijana wanaochapa kazi zao kwa Word wananiuliza kwa nini programu inawapigia mstari kila wakitumia kauli ya kutendwa. Ushauri huo una wazee wake. Mwandishi Mwingereza George Orwell mwaka 1946, katika makala yake kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni kwamba usitumie kamwe kauli ya kutendwa pale unapoweza kutumia ya kutenda. Ni kanuni inayonukuliwa na watu wengi, wengi wao bila kuona kwamba sentensi ya kwanza kabisa ya makala hiyo ina "it is generally assumed", kutendwa waziwazi, na haikuharibu kitu. Orwell alikuwa na ugomvi na makarani na wanasiasa wa kwake, waliojificha ndani ya sentensi zisizo na mwenyewe. Ugomvi wa haki. Ila ushauri aliopewa mlevi kwamba apunguze pombe haumsaidii mtu mwenye kiu. Mwanafunzi wa Bahi au Mpwapwa, anayehangaika kujua "been" inakaa wapi, anahitaji kwanza kuimiliki kauli yenyewe, ndipo aambiwe aitumie kwa kiasi.

Ugomvi wa Orwell una mfano maarufu. Januari 1987 Rais Ronald Reagan, katika hotuba yake kwa Bunge la Marekani, alizungumzia kashfa ya silaha zilizouzwa Iran, akasema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanywa. Na nani? Nukta. Wamarekani wameicheka sentensi hiyo hadi leo, na si yeye wa kwanza kuitumia wala wa mwisho.

Tunapoitafsiri, hata hivyo, angalieni nini kinatokea. Makosa yalifanywa, kwa Kiswahili, bado inauma kidogo. W inamwacha mtendaji nyuma ya mlango, lakini kivuli chake kinaonekana. Sikio linasubiri na. Ndiyo maana msemaji wetu hodari haisemi. Anasema makosa yalifanyika. Au, akiwa amebobea, makosa yalijitokeza, yaani yaliamka yenyewe, yakavaa viatu, yakaja. Sisi tuna k, kauli ya kutendeka, na k ni mahali pa kujificha pazuri kuliko "passive" ya Mwingereza yeyote. Fedha zimeibwa ni kesi. Fedha zimepotea ni hali ya hewa. CDA ilivunjwa, na Rais aliyeivunja anajulikana kwa jina, kwa hiyo husikii mtu akisema ilivunjika. Lakini glasi za harusi zikirudishwa kwa mwenyewe pungufu, zimevunjika.

Kiingereza hapa kina uchanga wa ajabu. "The window was broken" inaweza kuwa limevunjwa au lilikuwa limevunjika tayari, na msikilizaji abahatishe. Akitaka k yetu, Mwingereza anatumia kitenzi kitupu, "the window broke", dirisha lilivunja, na maana inatoka bila alama yoyote. "The door opened", mlango ulifunguka. "This book sells", kitabu hiki kinauzika. Wanafunzi wetu huogopa sentensi hizi, wanaziona kama kosa la uchapaji, wanakimbilia "was opened" na kumwingiza mtu mlangoni ambaye hakuwepo. Ningepewa tena darasa, ningeanza mada kwa k na w zikiwa zimeandikwa ubaoni sambamba, umevunjika na umevunjwa, na nisingetaja neno la Kiingereza mpaka darasa zima limegombana juu ya tofauti yao.

Na k mimi nimesoma darasa lake kwa gharama yangu. Mwaka juzi nilikuwa nafuatilia hati ya kiwanja kidogo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilikwenda mara tano. Mara ya kwanza mtandao ulikuwa unasumbua. Mara ya pili anayehusika alikuwa ametoka. Mara ya tatu kijana mstaarabu, shati limenyooka, alinitazama kwa huruma ya kweli akaniambia: "Mzee wangu, faili halionekani."

Tazameni ufundi wake. Hakusema nimelipoteza. Hakusema limepotezwa, ambayo ingeniruhusu kuuliza limepotezwa na nani. Wala hakusema limepotea, maana kilichopotea kinatafutwa. Halionekani. Faili lipo, pengine liko hapohapo chumbani linatutazama, ila limeamua kutoonekana, na tatizo huenda ni la macho yangu. Nilijaribu kuitafsiri njiani kurudi, nikiwa nimekaa dirishani kwenye daladala. "The file cannot be found" ina mtu ndani yake, mtu aliyetafuta akashindwa. "The file is not visible" ni uchawi. Nilishuka Makole bila jibu.

Barua ya binti tuliimaliza kwa "My laptop was stolen from my room on Friday", akalipa, akaahidi kunisalimia akipita. Kabla hajatoka aliniuliza kama polisi nako aandike "stolen" au "lost", kwa sababu mwenzake amemshauri kwamba ukisema imepotea hawakuulizi maswali mengi. Nikamwambia aandike kilichotokea.

Kuhusu faili langu, baada ya wiki sita nilipigiwa simu. Sauti ilikuwa ileile ya kijana mstaarabu, safari hii yenye furaha. "Mzee wangu, habari njema. Faili limeonekana." Nikamshukuru sana, na sikumuuliza limeonwa na nani.